Kabla Hujaipeleka Kupigwa Window

Mwaka juzi laptopu yetu ilipigwa window, yaani kuwekewa Windows upya, mara tatu. Machi, Juni, halafu wiki ya kufunga shule mwezi Desemba. Kila mara fundi alichukua elfu kumi na tano, kila mara ilirudi nyumbani nyepesi kama imetoka kuoga, na kila mara baada ya wiki tano au sita ikarudia uzee wake. Ile ya tatu hakuuliza hata inaumwa nini. Aliipokea juu ya kaunta, akaifungua nusu, akasema, "Mama, hii window tu," akaiweka juu ya nyingine nne zilizokuwa zinasubiri dawa ileile.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia hapa Morogoro, kompyuta sikusomea. Nilichonacho ni hasira ya elfu arobaini na tano, pamoja na mtoto wa kaka yangu, Shani, anayekaa kwetu akisoma chuo. Laptopu yenyewe ni mtumba: CPU (ubongo wa mashine) ni Core i5 ya Intel, kizazi cha 6, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, diski GB 500. Inatumiwa na watu wanne. Mimi na alama zangu, Baba Zai na hesabu za duka la pembejeo, Zai wa darasa la saba, na Shani na mambo yake ya chuo. Januari mwaka jana nikanunua kaunta buku, nikaichora safu nne: tarehe, nani alikuwa nayo, imefanya nini, na siku hizo ndani ya nyumba kimebadilika nini. Baba Zai alicheka sana. Alisema nimeifungulia laptopu kadi ya kliniki.

Acheke tu. Safu ya nne ndiyo imetuokolea hela.

Ingizo la kwanza la maana ni la Jumapili moja ya Februari. Nilikuwa naingiza alama za Kidato cha Pili, wanafunzi 214, na Excel ilikuwa inaifikiria kila namba kabla ya kuipokea. Shani alikuwa jikoni anakanda chapati.

"Shani, hiki kitu kimeanza tena."

"Shangazi, umeizima lini mara ya mwisho?"

"Naizima kila siku. Jana usiku nimeizima mwenyewe."

Akaja na unga mikononi, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja akitumia vidole vitatu alivyoona ni visafi, ikafunguka Task Manager, dirisha linaloonyesha mashine inashughulika na nini. Akaenda kwenye "Performance", akanionyesha mstari mdogo chini ya mchoro: Up time 41:06:12:33. Siku arobaini na moja, saa sita, dakika kumi na mbili, sekunde thelathini na tatu. Na sekunde zinaendelea kuhesabika mbele ya macho yangu.

Siku arobaini na moja! Na mimi kila usiku naifunga nikiamini nimeizima.

Kumbe tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna mtindo wa kuwasha haraka. Ukibonyeza Shut down, programu zako zinafungwa na wewe unatolewa, lakini kiini cha mfumo hakianzi upya. Kinaandikwa kwenye diski kama kilivyo, na kesho kinasomwa kutoka hapohapo. Ndiyo maana inawaka chapuchapu. Ndiyo maana pia kilichovurugika jana kinaamka kimevurugika vilevile. Restart ndiyo inayovunja kila kitu na kuanza mwanzo. Baba Zai, aliyekuwa anasikiliza huku anajifanya anasoma gazeti, akasema, "Kwa hiyo kuzima ni kulala na nguo za shamba." Sijapata maelezo bora kuliko hayo, na nimeyatumia mpaka ofisini kwa walimu.

Tuliuondoa mtindo huo. Unaingia Control Panel, Power Options, sehemu ya kuchagua vitufe vya kuzimia vifanye nini, unaondoa tiki kwenye "Turn on fast startup". Inachelewa kidogo kuwaka, basi.

Ila ugonjwa haukuisha. Wiki iliyofuata ikawa nzito tena, na safari hii nikaifungua Task Manager mwenyewe. CPU asilimia 9. RAM nusu. Disk asilimia 100, safu nzima imeiva rangi ya chungwa, na ukitazama inasoma kiasi gani, haifiki hata MB 2 kwa sekunde. Yaani inafanya kazi kufa na kupona na haifanyi kitu.

Diski hizi za zamani ndani yake kuna sahani inayozunguka, ya kwetu mara 5,400 kwa dakika, na mkono wa kusomea unaoruka kutoka huku kwenda kule. Sasa chukulia mpishi mmoja msibani, mwiko mmoja, masufuria kumi. Windows inataka kupakua apdeti, kinga ya virusi inataka kukagua mafaili, kitafutio kinataka kuorodhesha kila kilichomo, Excel yangu inataka kuhifadhi. Mpishi anashinda njiani. Tulipofungua ukurasa wa "Startup" tukakuta programu kumi na nne zimejiandikisha kuamka pamoja na mashine, zikiwemo mbili za mikutano ya mtandaoni ambayo hakuna mtu wa nyumba hii ameihudhuria tangu muhula uliopita, na msaidizi wa printa tuliyoiuza. Tukazizuia kumi na moja. Kuzuia siyo kufuta. Ukiihitaji unaifungua mwenyewe. Hapo nikaelewa kwa nini dawa ya fundi ilidumu wiki tano. Ilikuwa inafukuza wageni, halafu sisi tunawakaribisha tena.

Tulipumua mpaka Aprili.

Aprili ni masika, na umeme ukikatika kwetu unakatika bila hodi. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa siku nyingi, inaishi kwa waya kama televisheni. Usiku mmoja Baba Zai anafunga hesabu, umeme ukaenda, mashine ikazimika katikati ya kuandika. Umeme uliporudi ikawaka, ikaonyesha maandishi kwamba inakagua na kutengeneza diski C, asilimia 11. Ikakaa kwenye 11. Tukala, ipo 11. Baba Zai akataka kuizima kwa nguvu. Nikamwambia iache. Iliganda hapo tangu baada ya Isha, na alfajiri nilipoamka nikaikuta imefunguka, inanitazama, imetulia kabisa.

Nikafurahi mapema. Folda ya picha ilikuwa tupu nusu.

Kosa langu naliandika hapa ili wewe usilifanye. Diski ikishaanza kulalamika, cha kwanza ni kuokoa mafaili, kutengeneza baadaye. Ule ukaguzi kazi yake ni kuuweka sawa mpangilio wa diski, haujali kama kipande inachokiona hakina mwenyewe ni picha ya mwanao au ni takataka. Ningekuwa na akili ningeiacha imezimika, Shani akaiwasha kwa ile flashi yake yenye Linux Mint, mfumo mwingine wa kompyuta usio Windows, ambayo inafungua mashine bila kuigusa Windows, tukahamisha picha kwanza.

Lakini haikuvitupa vyote. Kwenye C kulizaliwa folda yenye jina found.000, imejificha, lazima uiambie Windows ionyeshe vilivyofichwa ndiyo uione. Ndani yake kulikuwa na mafaili yenye majina ya ajabu: FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, kuendelea, sitini na kitu. Ukibofya hayafunguki. Shani alichukua moja, akalibadilisha jina mwishoni, akaondoa CHK akaandika jpg. Halikufunguka. La pili, halikufunguka. FILE0007 lilipofunguka alikuwa Zai, siku ya kwanza ya darasa la kwanza, sketi inafika chini ya magoti, soksi moja imeshuka, amekunja uso kwa jua. Tulikaa jioni ile tukibadilisha majina moja baada ya lingine. Picha thelathini na nane zilirudi. Za harusi ya mdogo wangu hazikurudi hata moja, na hilo bado sijamwambia.

Kesho yake Shani aliweka programu ndogo ya bure, CrystalDiskInfo, inayosoma kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Ikaonyesha njano: "Caution". Kuna sehemu za sahani zilikuwa zimekufa na diski imezihamishia akiba. Hizo hazikufa usiku ule mmoja. Mashine ilipigwa window mara tatu juu ya diski inayochechemea, na hakuna aliyeikagua. Simlaumu sana yule kijana wa kaunta, hata mimi sikumwambia ikague. Nilimwambia, "Ni nzito."

Tukanunua SSD ya GB 256 iwe diski mpya, elfu sitini na tano. Hii haina sahani wala mkono, ni chipu tupu, kwa hiyo hakuna cha kusubiri kizunguke. Fundi mwingine alihamisha kila kitu kama kilivyo kutoka diski ya zamani, siyo kupiga window, ni kunakili yote. Zamani nilikuwa naiwasha, nateka maji ndoo mbili, narudi ndiyo inamalizia kufunguka. Sasa sifiki mlangoni. Kama una laptopu ya umri huu na hela ya kufanya jambo moja tu, usiende kwenye RAM, usiende kwenye window. Nenda hapo. Betri tulinunua mwezi uliofuata.

Fundi huyo wa pili alitufunulia na jambo jingine. Alikuta programu ya kuchakachua leseni iliyoachwa na wa kwanza, na kinga ya virusi imeamriwa isiitazame folda hiyo kabisa. Wakati mashine kama hizi za ofisi za Ulaya mara nyingi zilitoka na leseni yake imeandikwa ndani ya ubao mkuu wa mashine. Unaiweka Windows ya toleo lilelile, inajitambua yenyewe ikipata intaneti. Ya kwetu ilijitambua. Tulikuwa tumelipia wizi wa kitu tunachokimiliki.

Mambo ya saa sasa. Hili lilinichekesha baada ya kuniudhi. Tulikwenda Tanga wiki mbili, laptopu tuliiacha imeisha chaji. Kurudi, kila tovuti inakataa: muunganisho si salama, barua pepe haifunguki, hata tovuti za serikali zinakataa. Zai akasema tumedukuliwa. Nikafungua kaunta buku kuandika tarehe, nikaitazama ile ya kwenye kona ya skrini nipate uhakika: Januari 1, 2015. Tovuti zinajitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayoamini ni 2015 inakiona cheti kilichotolewa mwaka jana kama cha mtu ambaye hajazaliwa, inakikataa. Nikarekebisha tarehe kwa mkono, kila kitu kikafunguka. Ikizimwa kabisa, inarudi 2015. Ndani kuna betri ndogo ya duara kama ya saa, aina ya CR2032, volti 3, inayoitunzia mashine saa ikiwa haina umeme mwingine. Kwenye laptopu nyingi imefungwa kwa plastiki na ina waya wake mdogo, kwa hiyo usinunue ile tupu ya dukani ukadhani utaipachika mwenyewe. Nilijaribu.

Bando ni kesi ya nyumba nzima. Hatuna waifai ya kulipia kwa mwezi, tunatumia hotspoti ya simu. Juni, GB 10 za Baba Zai ziliisha usiku mmoja, na mtuhumiwa wa kwanza akawa Shani na tamthilia zake. Binti alikaa kimya, akafungua Settings, Network, "Data usage", inayoonyesha kila programu imekula kiasi gani kwa siku 30. Tamthilia zilikuwa na sehemu yao, sisemi hazikuwa nayo. Lakini juu yao kwa mbali ilikaa "System", ambayo ndiyo Windows yenyewe, inapakua apdeti. Laptopu haijui kama ile ni simu ya mtu na bando la wiki. Inaona waifai, inajilia. Dawa yake ni kuiambia: kwenye jina la hotspoti unafungua "Properties", unawasha "Set as metered connection". Tangu hapo apdeti kubwa hazijipakui zenyewe. Baba Zai alimwomba Shani radhi kwa kumnunulia chipsi kuku, maneno hakusema.

Ila usiwashe halafu ukasahau mwaka mzima. Apdeti ndizo zinazoziba matundu ya virusi. Mimi mara moja kwa mwezi naibeba laptopu mpaka shuleni, ambako kuna intaneti, naiacha inywe.

Na flashi. Jamani, flashi za stesheneri. Unapeleka mtihani ukachapwe, unarudi na zawadi. Agosti nilifungua flashi yangu ya GB 8, badala ya folda zangu nikakuta njia za mkato tupu, kila moja na kale kamshale kadogo pembeni. Nikakagua nafasi: GB 3 zimetumika. Vitu vipo, vimefichwa tu, na ukibofya ule mshale unamfungulia mwizi mlango. Sikubofya. Nilikagua flashi kwa kinga ya virusi kwanza, nikafuta zile njia za mkato, halafu kwenye dirisha jeusi la amri (Command Prompt) nikaandika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ambapo E ni herufi ya flashi yako. Ya kwako inaweza kuwa F au G, angalia vizuri usije ukaitia C. Ikatulia kidogo, folda zikajitokeza zote. Siku hizi stesheneri natuma PDF kwa simu, na nikilazimika kwenda na flashi nakwenda na ile nyekundu, haina kitu zaidi ya hicho cha kuchapa, na ikirudi naifuta.

Mengine yaliyomo kwenye kaunta buku ni madogo. Sauti imepotea: spika ya blutuzi ilikuwa imeunganishwa chumba cha pili, sauti ilikuwa inamwimbia Baba Zai. Waifai imepotea: kitufe cha ndege, Zai. Imeandika "no bootable device": flashi imeachwa ndani, mimi. Inachemka na feni inalia kama mashine ya kusaga: vumbi, hapo tulimwachia fundi, na kitandani juu ya blanketi haiwekwi tena. Kwa majuma mawili pia tuliigeuza Windows iwe ya Kiswahili, maana ipo. Nilifurahi kuona "Anzisha upya". Lakini kila tukitafuta ufumbuzi maelekezo yanataja jina la Kiingereza la kitufe, tukawa tunatafsiri kinyumenyume, tukarudi. Iliniuma kama mwalimu.

Oktoba 14 mwaka jana, 2025, Windows 10, ambayo ndiyo yetu, ilifikia mwisho wa kuhudumiwa. Ya 11 kwetu haipandi kihalali. Kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Wako wanaoilazimisha, mimi sijailazimisha. Niliiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja inayoishia Oktoba 13, 2026. Hela haikunitoka, ilitaka tu akaunti ya Microsoft na nikubali mipangilio yangu ihifadhiwe kwao. Baada ya hapo Shani anataka tuhamie Linux Mint moja kwa moja. Baba Zai ameuliza swali moja, kama Excel itakuwemo, akajibiwa kuna LibreOffice, akasema atafikiri. Anafikiri tangu Novemba.

Ingizo la karibuni kabisa ni la juzi. Nimerudi kutoka shuleni nikamkuta Zai amepiga magoti kwenye kiti, laptopu ameigeuza, kibodi imeelekea ukutani, anasoma maswali ya Sayansi huku anachapa kwa kunyoosha mikono kupitia juu. Skrini ilikuwa imepinduka kichwa chini tangu mchana, na kwa kuwa maandishi yalikuwa yanasomeka akiigeuza, hakuona sababu ya kumsumbua mtu. Ctrl, Alt na mshale wa juu, ikasimama. Kwenye safu ya nne nimeandika: paka amelala juu ya kibodi.